Samaki wa Mkono

Kufikia jioni ya pili ya matanga, samaki wa Mjomba Asukulu alikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba yake. Nilikuwa nimeketi ndani na akina mama, mgongo ukutani, nikiwasikiliza wanaume waliouzunguka moto pale nje, na kila aliyefika alimwongezea samaki yule kipande. Wa kwanza alisema alikuwa na urefu wa mkono. Aliyemfuata akasema ni urefu wa mtu. Mzee mmoja, ambaye mwaka wa samaki huyo hakuwa hata amefika kambini Dzaleka, akaapa kwamba samaki alimburuta Mjomba mpaka maji yakamfika shingoni, kisha Mjomba akaomba kwa Kibembe, lugha yetu, na bahari ikatulia. Watu wakaitikia, eeh, njo vile, ule muzee alikuwa mvuvi wa kweli. Nilimeza chai yangu pamoja na hasira yangu. Mjomba nilimpenda, na machozi niliyomlilia siku hiyo hayakuwa ya kuigiza, lakini mtu aliyenisumbua kwa mwaka mzima kwa ajili ya samaki mmoja hastahili kuzikwa na samaki mwingine wa kubuni. Nilikuwapo. Katika wote waliokuwa wanasimulia, ni mimi peke yangu niliyekuwapo.

Nikiinua macho niliona kopo lake. Lilikuwa palepale juu ya boriti, chini ya mabati, kopo la maziwa ya unga lililozungushiwa kamba ya kuvulia, na mwishoni mwa kamba nati ya gari ndiyo uzito. Vumbi lilikuwa limelivika shati. Nyumba yenyewe haikuwa imebadilika sana tangu nilipokuwa nikiishi humo kabla ya kuolewa: vyumba viwili vya tofali za udongo, pazia katikati, kalenda ya kanisa ambayo hakuna aliyeiondoa baada ya mwaka wake kwisha, na kile kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi ambacho Mjomba alikikalia kila jioni akiinamia upande, mpaka hata akisimama alionekana kama ameinama. Humo ndani ndimo nilimopikia maharage, ugali wa nsima na usipa, wale dagaa wakavu wa sokoni, na humo ndimo nilimosikia, siku baada ya siku, kwa nini usipa huo hautoshi.

Kwa ukoo wetu, kule Fizi kando ya Ziwa Tanganyika, matanga hayafungwi kwa maneno. Yanafungwa kwa samaki, na samaki huyo hanunuliwi. Lazima avuliwe na mkono wa mtu wa damu ya marehemu, apikwe, kila mfiwa aonje, ndipo watu wanyoe nywele, wavae nguo za rangi, waoe na waolewe. Tunamwita samaki wa mkono. Nyumbani jambo hilo halikumtoa mtu jasho. Ziwa lilikuwa pale mlangoni. Ndugu wa marehemu alishuka asubuhi, jioni mkala, mkalia mara ya mwisho, mkalala. Waliobuni desturi hii hawakuwaza kwamba siku moja wajukuu wao wangewekwa juu ya nchi kavu, katika kambi ya wakimbizi wilaya ya Dowa, Malawi, ambako maji hutoka bombani kwa saa maalumu na ufunguo uko kwa kamati.

Mama yangu alifia katika nyumba ile ya kambini. Mjomba alikuwa ndugu yake wa pekee aliyebaki hai, na maadamu ndugu yupo mtoto havui, kwa hiyo mkono uliotakiwa ulikuwa wake. Mwaka ninaousema ulikuwa wa pili tangu tumzike, na matanga yalikuwa bado wazi kama mlango uliosahauliwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, navaa nguo nyeusi iliyofifia mpaka ikawa rangi ya majivu, najifunza kushona kwa fundi mmoja wa sokoni, na nilikuwa nimechumbiwa. Wilondja alikuwa anaendesha kabaza, baiskeli yenye mto wa sponji nyuma, akibeba abiria kutoka kambini mpaka barabara kuu. Alikuwa ameleta wazee wake, wakapokewa vizuri, wakapewa fanta, kisha Mjomba akawaambia mambo ya bukwe, yaani mahari na ndoa, hayawezi kuzungumzwa katika nyumba yenye kilio. Wazee wakasema sawa, tutangoja. Hawakujua wanangoja nini.

Nilimsihi Mjomba kwa kila njia. Nilimwambia chambo, wale samaki wa ziwa la hapa, wapo soko la Old Town mjini, wamelala ndani ya barafu, wazuri, macho bado yanang'aa. Nilimwambia mchungaji mwenyewe amesema Mungu hatazami samaki katoka wapi. Hakunijibu kwa ukali, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliweka chini kijiko chake, akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Riziki, ile ya kununua ni mboga," akasema. "Mi siwezi kumaliza kilio ya dada yangu na mboga."

Msomaji atauliza mbona Ziwa Malawi halikuwa mbali. Niliuliza pia. Mjomba alikuwa ameshakwenda Salima, kwenye ziwa hilo, mara moja, na alirudi siku hiyohiyo akiwa amefura. Pwani ile ilikuwa na mwenyekiti wake, kama zilivyo pwani zote za ziwa lile, na mgeni anatakiwa kwenda kumsalimu, kueleza shida yake na kuonyeshwa mahali pa kukaa. Mjomba hakusalimu mtu. Alishuka moja kwa moja majini kama alivyofanya maisha yake yote, akafukuzwa mbele ya watu wanaofua nguo. Aliapa kwamba hatakanyaga tena pale. Ziwa yenye kuwa na chef, na mukubwa wake, alisema, hiyo haiko ziwa, hiyo ni bureau, ni ofisi. Sikio la kufa halisikii dawa, na masikio ya Mjomba yalikuwa mawili na yote ya namna hiyo.

Basi alibaki kuvua nchi kavu. Sisemi kwa mzaha. Alinunua kamba na ndoano Old Town, katika duka la Mhindi mmoja mpole aliyemuuliza mara mbili ni za samaki gani, na Mjomba akamjibu kwamba samaki atajitambulisha mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pembeni nikitamani sakafu inimeze. Kila jioni alitoka nyuma ya nyumba na kopo lake, akazungusha nati juu ya kichwa, vuu, vuu, akairusha kati ya nyumba ili mkono usisahau. Watu walijifunza kuinama wakipita. Alinasa kanga za watu kwenye kamba za nguo, akanasa mlango wa choo, na mwishowe akanasa kuku wa jirani yetu Mrundi, Mama Chantal, bawani. Kuku hakufa, lakini alipiga kelele ambazo mpaka leo nikisikia kuku analia hivyo nageuka kumtafuta Mjomba. Ndipo alipoanza kuitwa mvuvi wa kuku. Nilikwenda mimi kuomba msamaha. Kila mara nilikwenda mimi.

Ukuta wetu na wa Mama Chantal ulikuwa mmoja, na katika ukuta ule hakuna neno lililolala. Siku moja nachambua mchicha nikamsikia mama yake Wilondja, ambaye alikuwa rafiki wa Mama Chantal, amekaa upande wa pili akinywa uji. Walizungumza kwanza juu ya mgao wa mahindi, kisha juu ya miguu inayovimba. Kisha akashusha sauti, na sauti iliyoshushwa ndiyo husikika vizuri.

"Mutoto iko muzuri, mi sikatai," alisema. "Lakini tutangoja samaki mpaka lini, hapa kwenye vumbi? Nitangoja mpaka Pasaka. Kisha tutapiga hodi kwingine. Mwana yangu hatazeeka juu ya kinga."

Kinga ndivyo wanavyoita baiskeli. Niliendelea kuchambua mchicha mpaka nikawa natupa majani na kuweka mashina. Wilondja nilimpenda. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa neno hilo, lakini alikuwa akipita kwetu kila asubuhi akienda kazini, anapiga kengele ya baiskeli mara moja tu, na siku ambayo kengele haikulia sikuweza kushona mstari ulionyooka. Sasa kengele ile ilikuwa imepewa mwisho, na mwisho huo ulikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa nje anazungusha nati.

Majuma machache kabla ya Pasaka zikaja habari kutoka kwa Mama Furaha. Yeye alikuwa jirani yetu kabla hajahamia na mume wake Msumbiji, katika mji wa pwani mbele ya Nampula, wakauza mitumba na wakapata. Alituma salamu kwa dereva wa lori: mukuje mupumzike kidogo, chumba iko, bahari iko karibu. Mjomba alisikia neno moja tu katika salamu zile. Alisimama palepale, akainamia upande wake, akatangaza kwamba tunakwenda vakansi, yaani mapumziko. Kambi nzima ilicheka. Tangu lini mkimbizi akaenda vakansi? Vakansi ya kutoka wapi, ya kupumzika kazi gani? Mimi nilichekwa bombani na nilichekwa kanisani, na bado ni mimi niliyepanga foleni ya vibali siku baada ya siku, maana Mjomba akisimama kwenye foleni hugombana. Vibali vilipotoka vilikuwa vya muda mfupi. Kabla hatujaondoka alizunguka kwa wafiwa wote, nyumba kwa nyumba, akawaambia watayarishe sufuria.

Safari sitaisimulia, ilikuwa basi, lori na treni, na katika vyote Mjomba alishika kopo mapajani kama mtoto mchanga. Tulilala katika stoo ya Mama Furaha, kati ya marobota ya nguo yaliyofika dari, chumba chenye harufu ya dawa ya nondo na viatu vya watu tusiowajua. Asubuhi ya kwanza nilichota maji ya bahari kupikia ugali, kwa mazoea. Mtu wa ziwani akiona maji mengi anaona kinywaji na mboga. Mjomba mwenyewe alikuwa ameshasukutua kinywa, akatema, akatazama upeo wote ule kwa dharau, akasema Mungu aliweka chumvi bila kuonja. Ugali tulimpa mbwa, naye akautazama tu.

Siku ile tuliona pia kwamba bahari haikai. Jua lilipopanda tulishuka tena tukakuta mchanga mtupu, mitumbwi imelala ubavu, na maji yako mbali huko kama watu waliosusa. Mama Furaha akatuambia kwa kupita tu, huku anahesabu mashati, kwamba bahari hupwa na kujaa, ndivyo ilivyo, tusishangae. Hakueleza zaidi, nani angefikiri kumweleza mzee wa miaka ile mambo ya maji? Mjomba alikaa ufukweni akachunguza. Mchana maji yakarudi, alasiri yakajaa. Kesho yake vilevile, na keshokutwa karibu vilevile. Akaridhika. Aliniambia ameshaielewa: bahari ni kama bomba la kambi, ina saa zake. Asubuhi imefungwa, mchana inafunguliwa, jioni inafungwa. Nilimwambia tuwaulize wavuvi wa pale, walikuwa wamekaa hatua chache tu wakishona nyavu. Akasema mtu wa maji hawezi kuuliza maji.

Basi kila mchana, bahari yake ilipofunguliwa, alisimama hadi magotini, suruali imekunjwa, juu amevaa koti lake la Jumapili, maana alisema samaki wa matanga hapokewi kwa singlendi. Pwani ile ilikuwa ya watu wa likizo hasa: familia zenye miavuli, vijana wenye mipira, wasichana wanaopaka mafuta. Walimpiga picha. Yeye alirusha nati katikati yao kana kwamba hawapo, na mimi nilikuwa nyuma nikibeba chambo cha dagaa aliyeoza na kuomba radhi kwa lugha tatu, hakuna hata moja waliyoijua. Samaki walikula dagaa na kuacha ndoano. Alinasa majani, alinasa kandambili, alinasa nguo ya kuogelea ambayo hakuna aliyekuja kuidai. Nilihesabu siku zilizobaki kufikia Pasaka kichwani mpaka kichwa kikaniuma.

Halafu akaugua homa. Nyingi kati ya siku zilizokuwa zimebaki alizimaliza kati ya marobota, anatetemeka, koti la Jumapili limetandazwa juu ya blanketi, na mimi nampikia uji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tumeshapita jembe. Kupitia mlango nilimsikia mume wa Mama Furaha akiuliza kwa upole wageni wanaondoka lini. Mama Furaha akasema wakipata samaki. Mume akauliza na wasipopata? Nikasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe. Nilimchukia Mjomba siku ile, lazima niseme. Nilimtazama amelala amefungua mdomo na nikawaza kwamba atakufa hapa hapa, na nitakuwa na matanga mawili wazi, na mtu wa kuvua ni nani.

Siku ya mwisho aliamka bila homa. Alinikataza kumfuata, alisema namtazama vibaya, samaki wanaona. Akaondoka kuelekea mchana. Nilikuwa nafunga mizigo aliporudi akikimbia, naye nilikuwa sijamwona akikimbia tangu niwe na akili. Alikuwa na mkono wenye damu, ndoano ilikuwa imemchana, na alikuwa anacheka kwa sauti ambayo sikuijua. Amempata. Mwekundu, paji pana, urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko majini, hai. Alikuwa amemtia kamba kwenye shavu, akaifunga kwenye mti aliouchomeka mchangani, pale maji yalipomfika magotini, kama tulivyofanya ziwani ili samaki akae mzima mpaka watu waje kumwona. Kwa sababu samaki wa mkono lazima aonekane na watu kabla hajafa, la sivyo utasemaje hakununuliwa? Alituamrisha tuoge, tuvae vizuri. Mama Furaha akafunga duka, akavaa kitenge kipya, mume wake akatafuta mtu mwenye kamera. Nilikuwa na furaha jamani. Nilijipaka mafuta usoni. Nilisikia kengele ya baiskeli masikioni mwangu.

Tulipofika, bahari ilikuwa imeondoka. Ilikuwa mbali, mstari mwembamba tu, na katikati ya mchanga mkavu mti wa Mjomba ulikuwa umesimama peke yake, na kunguru juu yake. Mbwa wawili waliondoka walipotuona, bila haraka, kama watu walioshiba. Kwenye kamba kilikuwa kimebaki kichwa, na hata kichwa hakikuwa na macho.

Nilisema maneno mengi. Nilimwambia bahari si bomba, haina kamati, kila mtoto wa mji huu anajua kwamba saa zake zinasogea kila siku, angeuliza neno moja tu, moja. Nilimwambia ameniua. Mama Furaha alinishika mkono, nikauvuta. Mjomba hakunitazama. Alipiga magoti na koti lake la Jumapili, akafungua fundo polepole, fundo zuri, la kivuvi, ambalo halikuwa limelegea hata kidogo.

"Nilimufunga vizuri," akasema. "Ziwa yetu haikuwa inahama, Riziki. Unaacha kitu asubuhi, unaikuta."

Kisha akalia. Hakuwa amelia tulipomzika Mama, alikuwa amesimama tu kaburini anaelekeza wachimbaji. Sasa alilia mbele ya mpiga picha na watoto wa likizo, akimtaja dada yake kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Hasira yangu haikuondoka, lakini niliona haya kuendelea kusema. Nikaketi mchangani karibu naye, na mafuta yangu usoni, tukakaa hivyo mpaka maji yakaanza kurudi. Mama Furaha alikipaka kichwa chumvi, akakikausha juu ya makaa, akakifunga kwenye mfuko wa mashati. Hivyo ndivyo tulivyotoka vakansi.

Dzaleka walikuwa wametayarisha sufuria. Nilitamani kushukia njiani, Nathenje, na kupotelea huko, lakini Mjomba alipita kati ya watu na mfuko wake, ameinamia upande, akakitoa kichwa mbele ya wote na kueleza kila kitu, mti, fundo, mbwa, bila kuongeza wala kupunguza. Hakuna aliyecheka, hata waliokuwa na haki ya kucheka. Alikipika mwenyewe katika sufuria kubwa, nyanya nyingi, maji mengi, na kila mfiwa alipata supu ya kijiko kimoja. Wazee walitazamana. Kichwa ni samaki au si samaki? Mama yake Wilondja alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani, na mimi nilikuwa natazama miguu yake iliyovimba kwa kuogopa kutazama uso. Akapewa kijiko. Akaonja, akakaa nacho mdomoni, akameza.

"Iko na chumvi mingi," akasema. Akamrudishia Mjomba kijiko. "Sasa kilio imeisha. Tuseme mambo ya bukwe."

Basi huyo ndiye samaki. Hakumburuta mtu, hakuwa na ukubwa wa mlango, na hakuna maombi yaliyotuliza chochote. Niliwaambia hivyo wale wanaume wa motoni siku ya tatu, nilitoka nje nikawaambia, wakanisikiliza kwa heshima na kuendelea na yule wao.

Mjomba hakuoa wala hakupata mtoto. Tulipomaliza kumzika wazee waliulizana mkono wa damu ni wa nani, kisha wote wakanitazama. Nikawaambia mapema, ili tusichoshane: nina miaka yangu, nina duka la ushonaji mjini, Biwi, nina wajukuu, na samaki atanunuliwa. Hakuna aliyepinga, siku hizi karibu kila mtu ananunua. Wilondja alipanda basi hadi Old Town akarudi na chambo wazuri kabisa, wanene, nikawakaanga, nikawaunga kwa nyanya, nikaweka limau. Harufu ilijaa ua. Watu walikuwa wameshanawa. Nikaonja kwanza, kama inavyotakiwa, nikasimama na upawa mkononi.

"Nini tena?" Wilondja akauliza.

"Hii ni mboga," nikasema.

Mtu aliyemngoja samaki mara moja katika ujana wake hajifanyi mgeni. Watu walikula mboga ile na kuisifu, na Wilondja akaleta kiti chenye mguu mfupi, akakipanda, akanishushia kopo.

Salima tulifika asubuhi. Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa pwani, kijana mwenye kofia, nikapiga goti nikasema zikomo, neno lao la adabu, nikamweleza kwa Chichewa changu cha sokoni kwamba nimefiwa na mjomba na natafuta samaki mmoja tu. Alivua kofia. Akanionyesha mahali penye mawe, akaniambia nisikae kwenye jua. Ilichukua muda mdogo kuliko kikombe cha chai, Mjomba, muda mdogo hivyo, na wewe ulikwenda kutafuta bahari. Nilinuna pale peke yangu kwa hasira za miaka yote. Kisha nikachomeka kijiti ukingoni mwa maji na kukitazama. Nikangoja. Maji yalilamba kijiti yakarudi, yakalamba yakarudi, na hayakwenda popote.

Mrusho wa kwanza ulinasa kitenge changu mwenyewe. Wa pili ulimkosa Wilondja kidogo. Tulikula mihogo ya kuchoma, tukarusha tena, na jua lilipokuwa limeshageukia upande wa pili kamba ilinigusa kidole, kitu kidogo, kama mtoto anayevuta nguo. Alikuwa samaki wa kiganja, wa fedha, wa kuaibisha. Watoto wa pale walitucheka. Wilondja akaniambia nimfunge majini ili akae mzima wakati yeye anakusanya vitu, hata akanyoosha mkono kuchukua kamba.

Nikamwambia asithubutu. Nilimfunika kwa ncha ya kitenge kilicholowa, na huko njiani watu wa basi walipolalamika harufu niliwaacha walalamike. Nilimshika mkononi mpaka Dzaleka.